Kiyoyozi cha Mzee Zelnik

Kerubo alipopata kazi ya kumtunza mzee wa Kiyahudi huko North Dallas, nyumbani kwao Arlington walishukuru kwa nyimbo tatu na sala iliyopoza chai. Wao ni Wasabato, na Msabato anayetafuta kazi Marekani haulizi kwanza mshahara, anauliza Jumamosi. Mara ngapi Kerubo alikuwa ameinuka kwenye kiti cha usaili mtu akiwa bado anamtazama kwa mshangao? Sasa amepata watu wanaoshika siku ileile, tangu jua la Ijumaa linapozama.

"Hao hata kukuuliza hawatakuuliza," Mark, mumewe, alisema kwa furaha. "Hao ndio wenye Sabato yenyewe."

Ijumaa ya kwanza ndipo Kerubo alipojua alikojiingiza. Watu wale hawakumhitaji Jumanne wala Jumatano. Walimhitaji Sabato. Sheria yao haiwaruhusu kugusa moto, taa wala swichi siku hiyo, na mzee wa miaka themanini na sita hawezi kukaa usiku na mchana bila mtu wa kugusa vitu. Walitaka mtu asiye Myahudi, basi. Angeweza kukataa palepale. Lakini Mark alikuwa amepunguzwa kwenye kampuni ya simu huko Richardson, na kazi ya Kerubo ya siku nne katika nyumba ya wazee ya Euless haikutosha. Akatia sahihi. Nyumbani akasema amepata kazi ya huruma, na huo ulikuwa ukweli wa nusu sahani.

Nusu ya pili ilimfuata Agosti ya mwaka 2003.

Mzee Kamugisha alifika Jumatano jioni, akakaa kwenye kochi bila kuvua koti ingawa joto lilikuwa linachemsha lami nje. Alikuwa Mtanzania wa Bukoba, mwenyekiti wa baraza la kanisa lao dogo lililokuwa likikodi ukumbi wa shule. Sabato ya wiki iliyofuata Mark angewekewa mikono kuwa mzee wa kanisa.

"Dada Kerubo, kuna maneno," alisema. "Mimi binafsi siyaamini, lakini nimetumwa."

"Maneno gani, mzee?"

"Kwamba Sabato unakwenda kuwawashia watu majiko. Tena kwa malipo."

Kerubo hakuhitaji kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Immaculate, mke wa Kamugisha, alikuwa karani wa ajensi iliyompa ile kazi. Ndiye aliyepanga ratiba na kupokea ripoti. Ukimwambia Kamugisha jambo saa mbili, saa tatu liko mezani kwa Immaculate. Na la Immaculate vivyo hivyo hurudi.

"Mimi natunza mgonjwa," Kerubo alijibu. "Namwogesha, nampa dawa, namlisha. Ana ugonjwa wa moyo yule mzee, wamemwekea kile kifaa kifuani."

"Basi! Mgonjwa ni mgonjwa." Kamugisha alipiga magoti yake kwa viganja, uso umefunguka. "Kumhudumia mgonjwa hakujakatazwa hata siku moja. Ila majiko na taa na viyoyozi vya watu wazima wenye mikono yao, hapo ndipo pana neno. Baraza litakaa Jumapili, hapahapa kwenu. Nitakuuliza mbele yao, nawe utajibu hivyohivyo. Sawa?"

"Sawa, mzee."

Mark alimsindikiza mgeni hadi kwenye gari, akarudi akasimama mlangoni. Tangu apunguzwe kazi, Wakenya wenzake kwenye sherehe waliacha kumuuliza anafanya kazi wapi, kwa adabu, na adabu hiyo ilimuuma kuliko swali. Kanisani tu ndipo alipobaki kuwa mtu wa kungojewa.

"Ni ukweli, si ndiyo, Mama Kezia?"

"Kuanzia Sabato hii utakuwa ukweli," Kerubo alisema.

Mark akaamua kusikia neno la mwisho tu.

*

Ijumaa saa kumi na mbili jioni Dvora alikuwa jikoni kwa baba yake, akilegeza taa ya ndani ya friji ili mlango ukifunguliwa kesho isiwake. Dvora, binti wa Mzee Zelnik, aliishi ng'ambo ya barabara na watoto watano. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na saa mbili kabla ya jua kuzama si wakati wa kumletea Myahudi habari mpya.

"Kuanzia leo sitawasha jiko," Kerubo alimwambia. "Wala taa, wala AC. Nitamwogesha baba, nitampa dawa na chakula, nitakaa naye usiku. Hayo mengine tuyatengeneze yote sasa, kabla jua halijazama."

Dvora aligeuka na taa mkononi. "Kwa nini?"

"Kwa sababu hata mimi ni Sabato yangu."

"Wewe ni Mkristo."

"Ni Msabato."

"Lakini sheria haikubani wewe," Dvora alisema polepole, kama anayemsahihishia mtoto daftari. "Ilipewa sisi. Wewe uko huru. Ndiyo maana tulikuajiri."

"Kwetu tunasoma amri ileile, Dvora. Na inamtaja hata mgeni aliye nyumbani kwako."

Dvora alikunja midomo. Alikuwa amesoma shule za dini tangu utotoni na hakupenda kufundishwa jikoni kwa baba yake na mtu wa ajensi. "Nitajaribu Shabbat hii moja," alisema. "Ikishindikana, Jumapili napiga simu waniletee mwingine. Na nakwambia tena: akiumwa kama alivyoumwa Aprili, mimi basi. Kaka yangu ameshampatia kitanda kwenye nyumba ya wazee kule Houston. Siwezi tena kukimbia naye hospitali na watoto watano."

"Mimi si kiziwi!" Mzee Zelnik alipaza sauti kutoka sebuleni.

Walitengeneza yote. Chakula juu ya bamba la moto litakalokaa limewaka hadi kesho, taa za chooni na ukumbini zikaachwa zikiwaka. Mwisho kabisa, Kerubo akatega kisaa cha plagi cha kiyoyozi. Nyumba ile ya zamani ilikuwa na kiyoyozi kimoja tu kizima, cha dirishani, sebuleni alikolala mzee. Kilichomekwa kwenye kisaa chenye vijipini kuzunguka uso wake: pini moja ya kuzima saa kumi alfajiri, maana mzee huona baridi alfajiri, na nyingine ya kuwasha saa tatu asubuhi. Kerubo alibonyeza ya kwanza. Simu yake ikalia. Alikuwa Mark.

"Baraza watakuja watu saba," alisema. "Tuwapikie nini?"

Walijadili kuku na chapati, na unga uliobaki. Alipokata simu alivuta kiti, akaketi, akajiona amemaliza kazi zote. Jua likazama.

*

Saa tatu asubuhi kiyoyozi hakikuunguruma. Saa tatu na robo Kerubo aliinama kwenye kisaa, akaona pini ya pili imesimama wima, haijabonyezwa.

Dvora na watoto walikuwa sinagogi, na hawangerudi kabla ya saa sita na nusu. Jana redio ilikuwa imetaja joto la nje la digrii mia na tatu za Fahrenheit. Kipimo cha ukutani kilisoma themanini na sita.

"Bwana Zelnik, AC haikuwaka. Nimekosea kuitega jana. Naomba radhi."

"Hata wahandisi hukosea," mzee alisema kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa mhandisi miaka arobaini.

"Niiwashe?"

Aliinua mkono haraka. "Usiniulize! Ukiniuliza nikasema ndiyo, nimekutuma. Siruhusiwi kukutuma."

"Dvora huwa anasema tu, 'Humu kuna joto.' Nami naelewa."

"Huyo ni Dvora. Na hiyo ilikuwa kabla sijasikia mliyoyasema jana jikoni." Alimtazama kwa macho yake mekundu. "Nilidhani kwako Jumamosi ni siku tu. Kumbe unayo Shabbat yako. Sasa nitaishikaje yangu kwa kuivunja yako?"

"Kwetu kumsaidia mgonjwa siyo kuvunja. Sema tu unaumwa, basi."

"Hata kwetu. Mgonjwa anaruhusiwa kukuomba kwa mdomo wake mwenyewe. Ila mimi siumwi. Nina umri tu."

Wote wawili walijua kwa nini haumwi. Nyumba ile aliinunua na mkewe mwaka 1961, na mkewe alifia katika chumba kilekile walichokaa. Houston hakuwa na mtu ila mwana aliyempigia simu mara moja kwa mwezi.

Kerubo alichemka. "Basi naiwasha kwa ajili yako bila kukuuliza!"

"Ukiiwasha kwa ajili yangu, siruhusiwi kukaa kwenye baridi yake. Nitatoka nikae uani." Na Kerubo alijua angetoka kweli, na kile kigari chake cha kutembelea, hadi kwenye saruji inayochoma. "Sheria ni hivi. Asiye Myahudi akiwasha taa kwa haja yake mwenyewe, naweza kusoma kwa mwanga wake. Akiiwasha kwa ajili yangu, nafunga kitabu."

Kerubo alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Kwetu ni kinyume," alisema. "Nikiiwasha kwa ajili yako, ni huruma. Nikiiwasha kwa raha yangu, nimevunja."

Mzee alimwangalia, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa. "Wafungie marabi wangu na wazee wako humu ndani," alisema akifuta macho. "Kabla ya saa sita watakuwa wameelewana."

Lakini saa sita ilikuwa mbali. Kerubo alifungua madirisha, joto likaingia kama mgeni asiyebisha hodi, akayafunga. Aliloweka taulo, akalikamua, akamfunika shingoni. Alimpa maji kila dakika kumi, mzee akanywa na kubariki kila mara kwa sauti inayopungua. Kipimo kikasoma tisini na moja. Kikasoma tisini na tano.

"Mke wako aliitwa nani?" Kerubo alimuuliza, maana ndivyo anavyopima akili ya mzee aliye kwenye joto.

"Pesya. Na alikuwa mbishi kukushinda."

Saa tano alimshika mkono kuhesabu mapigo. Yalikuwa mia na kumi na mbili. Paji la uso lililokuwa likitiririka jasho tangu asubuhi lilikuwa limeanza kukauka, na ngozi ikiwa kavu namna ile kwenye joto, kila mtunza wazee anajua kinachofuata.

"Mke wako aliitwa nani?"

Mzee alifumba macho. Alikawia. Kerubo akachukua simu, kidole kikiwa juu ya namba.

"Pesya," alisema mwishowe.

"Bwana Zelnik, naita ambulensi."

"Nikianguka, ita. Hapo sheria yenyewe inakuamuru, na mimi ningekushukuru." Midomo ilikuwa imepasuka. "Lakini sijaanguka. Wakija hao, kesho niko Houston. Tafadhali, Bi Kerubo."

Hakuwahi kumsikia akisema tafadhali. Alisimama na simu mkononi, amejaa hasira kwa Dvora, kwa Kamugisha, kwa mzee huyu anayejua sheria zote na hataki kuitumia ile moja ya kumwokoa, na zaidi kwa kipini kidogo kuliko punje ya mchele ambacho yeye mwenyewe hakukibonyeza. Akilini alimwona Mark amesimama mbele ya watu kwa mikono iliyofumbatwa. Halafu akaiweka simu, akaenda dirishani, akazungusha kisaa.

Kiyoyozi kikanguruma.

"Bi Kerubo." Sauti ilikuwa kavu, lakini kali. Mzee alikuwa ameshashika vishikio vya kigari chake. "Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu."

"Kweli?"

Alidhani uongo mdogo ungetosha. Ukamkwama. Huwezi kumdanganya mtu kuhusu Sabato yake, ukamwacha aivunje bila kujua, kisha ukajiita mcha Mungu. Basi akaifanya iwe kweli. Alivuta kiti kizuri, kile cha Dvora, akakiweka mbele ya upepo. Alivua viatu. Alifungua kilemba, akafungua vifungo viwili vya shingoni, akainua uso, baridi ikamteremka mgongoni mahali ambapo gauni lilikuwa limeganda. Ilikuwa raha tupu. Aliifurahia kwa makusudi, macho yamefumbwa, na akajua kabisa anachofanya.

"Kweli," alisema. "Nimesikia joto mimi. Ukitaka kukaa, kaa."

Mzee Zelnik akaviachia vishikio, akajiegemeza kitini. Baada ya nusu saa jasho lilirudi kwenye paji la uso, na Kerubo, aliyekuwa hajalia tangu mwaka uanze, akalia bila sauti akiangalia dirishani.

*

Dvora aliingia saa sita na nusu, kofia ya sinagogi kichwani, akasimama kusikiliza ule mngurumo.

"Nani amewasha?"

"Mimi," Kerubo alisema. "Nilikosea kuitega jana. Nikasikia joto, nikaiwasha."

"Kwa ajili yake?"

"Kwa ajili yangu."

Dvora alikiangalia kiti chake, viatu vilivyotupwa sakafuni, kichwa kisicho na kilemba. "Kwa hiyo yale yote ya jana yalikuwa maneno tu."

Kerubo aliinama akavaa viatu.

"Baba aliumwa?"

"Hakuumwa. Amekunywa maji mengi, amekula yai nusu."

Mzee alifungua jicho moja. "Ameniuliza habari za mama yako asubuhi nzima," alisema. "Dvora, mwanamke huyu Ijumaa arudi. Na Jumapili usimpigie mtu simu."

*

Baraza lilikula kwanza. Watu saba walimaliza kuku wawili na chapati zote, wakasifu, wakanawa, ndipo Kamugisha akavaa miwani. Kezia, mtoto wao, alitumwa kwa jirani.

"Dada Kerubo, ni jambo la dakika moja," alisema kwa upole. "Jana ulikuwa kwa yule mzee. Ulifanya nini?"

"Nilimwogesha, nikampa dawa na chakula."

"Vizuri. Na hapo katikati, uliwasha chochote?"

Angeweza kusema hapana. Mark alikuwa amekaa pembeni yake.

"Niliwasha AC."

Mama mmoja aliguna. Kamugisha akainua kidole kumtuliza. Alikuwa anamsaidia kweli, Kerubo aliliona hilo na likamuuma. "Joto la jana tunalijua sote. Mzee ana moyo. Alizidiwa, si ndivyo? Ukamwokoa. Sema tu alikuwa mgonjwa, tuandike, tufunge kwa sala."

Neno moja. Na neno hilo lingelala leo nyumbani kwa Immaculate, kesho asubuhi lingekuwa kwenye ripoti ya ajensi, mchana lingekuwa mkononi mwa Dvora. Tena kulikuwa na lile jingine, ambalo asingeweza kuwaeleza watu hawa hata kwa wiki nzima: yule mzee alikaa kwenye baridi ile kwa sababu aliambiwa si yake.

"Hakuwa mgonjwa," Kerubo alisema. "Nilisikia joto mimi. Niliiwasha kwa ajili yangu."

"Dada, fikiri kwanza."

"Nimefikiri, mzee."

Kamugisha alivua miwani. Alisema Kerubo akae miezi sita bila huduma yoyote kanisani, na kwamba mzee wa kanisa husimama pamoja na nyumba yake, kwa hiyo ibada ya Mark ya kuwekewa mikono ingesubiri, ingetazamwa tena, Mungu akipenda. Waliimba ubeti mmoja. Mark aliwasindikiza wote hadi kwenye magari, akawafungulia milango, akacheka walipocheka.

Aliporudi hakukaa.

"Alikuwa mgonjwa?"

Kerubo alikuwa anakusanya sahani. "Nikikwambia, utajua. Ukijua, utaulizwa."

Mark aliinamisha kichwa. Alikuwa mwanamume mwenye akili, na jibu hilo lilimtosha. "Neno moja, Kerubo," alisema, sauti imepasuka. "Nimekaa miaka miwili natazamwa kama kiti kilichovunjika. Neno moja tu ulishindwa kunipa."

"Najua."

"Hujui!"

"Najua, Baba Kezia. Na nimekukosea. Ila nisingeweza."

Alibeba sahani hadi kwenye sinki, akafungua maji. Mark alibaki katikati ya sebule akitazama viti saba vilivyokaliwa, mifupa, glasi, unga bado umeganda kwenye kiwiko cha mkewe.

"Yule mzee ana siku yake," alisema. "Kanisa lina siku yake. Wewe ya kwako ni ipi?"

"Ya nini?"

"Ya kupumzika."

Kerubo alifikiri. Jumatatu hadi Alhamisi alikuwa Euless. Ijumaa na Jumamosi kwa Zelnik. "Leo," alijibu. "Jumapili ndiyo off yangu."

"Umeamka saa ngapi leo?"

"Saa kumi na moja. Chapati zisingewahi."

Mark alikuja akafunga bomba. Alikuwa bado amekasirika. Alimshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akamtoa kwenye sinki, akamkalisha kwenye kochi alipokuwa amekaa Kamugisha.

"Kaa hapo," alisema. "Usiguse kitu mpaka jua lizame."

Akakunja mikono ya shati, akageukia vyombo. Kerubo alikaa wima ukingoni mwa kochi, akavisikia vikombe vikigongana vibaya mkononi mwa mtu asiyezoea. Mara mbili aliinuka nusu, na mara mbili Mark, bila kugeuka, akamwambia keti.